Lassar na Maneno ya Kitandani

Mzee Broccan alizaa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa wa kike. Watu walimwonea huruma, wakidhani ni mkosi, lakini mwenyewe hakuonekana kujali. Alimbeba Lassar begani kwenye mikutano, akamfundisha kutambua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama macho, na alipokuwa mkubwa akampeleka kwa mwanamke wa upande wa pili wa mto Sinann akajifunze kudarizi. Lassar alirudi huko akiwa na vidole vinavyoweza kuchora ndege kwa uzi mwekundu mpaka ukadhani atakudonoa.

Mimi ni Ronnat. Nilikuwa jirani yake tangu alipoolewa, nikiwa mjane ninayeishi peke yangu na kondoo wangu. Kuta za nyumba zetu ni fito na udongo, na nyumba yangu na yake zilikaribiana kiasi kwamba akicheka mimi nilitabasamu huku nimeshika mwiko. Na Lassar alikuwa mtu wa kucheka. Mumewe, Dunlang, alitoka kwenye familia ya watu wa kinamasi, mabwana wa majina marefu na mashamba mafupi. Alikuwa mzuri wa sura, hodari wa ng'ombe, na alimpenda mkewe. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walisema hakumpenda. Si kweli. Usiku niliwasikia wakizungumza muda mrefu baada ya moto kufunikwa majivu, yeye akinong'ona, Lassar akishindwa kunong'ona kwa sababu hakuumbwa na sauti ya kunong'ona.

Mzee Broccan alifariki kifua kilipombana, msimu ule kondoo wanapozaa. Kwetu, mtu asiye na mtoto wa kiume, binti yake huishika ardhi mpaka naye afe, ndipo irudi kwa ukoo. Kila mtu analijua hilo. Fergna, mtoto wa ndugu yake Broccan, alilijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye ambaye ardhi ingemrudia. Lakini Lassar alikuwa kijana mwenye afya, na Fergna alikuwa ameshaanza kuota mvi. Akapiga hesabu yake akaona haimpendelei. Kabla hata waombolezaji hawajakausha macho, akaswaga ng'ombe wake mpaka malisho ya marehemu, akaweka wachungaji wake kwenye nyumba ya marehemu, akakaa kimya.

Lassar alimfuata mwenyewe.

"Binamu," alimwambia, "ng'ombe wako wamepotea njia."

"Hawajapotea. Wako kwao."

"Kwao ni wapi? Mimi sijafa bado."

"Wewe una mume, una nyumba ya mume. Kaa na sindano yako, dada. Ardhi ina mambo mazito."

"Sindano yangu imekuvalisha hilo joho unalonisemea nalo," Lassar akamjibu, na wachungaji wake wakageuka pembeni wasionekane wanacheka.

Sheria yetu inampa mwanamke njia yake ya kudai ardhi. Mwanamume huingia na farasi. Mwanamke huvuka tuta la mpaka na kondoo majike, akifuatana na mwanamke mwenzake wa kushuhudia. Asipojibiwa, husubiri siku zinazotakiwa, akavuka tena na kondoo wengi zaidi na mashahidi zaidi. Mara ya mwisho huingia na karai la kukandia unga na chekeche, akawasha moto, akaoka mkate, akalala humo. Akishafika hapo, anayemzuia lazima asimame mbele ya mwamuzi. Lakini kondoo wawe wake mwenyewe. Asiwe ameazima, kwa maana anayedai ardhi lazima aonyeshe kwamba ana cha kuilishia.

Mara ya kwanza nilimsindikiza mimi. Tulipanda tuta kukiwa na manyunyu, kondoo wanavuta kwenda huku na huku, na Lassar akaniambia, "Ronnat, mmoja wao akianguka kwenye mtaro usicheke. Nitadai hata nikiwa matopeni." Mara ya pili alikuja pia Becnat, mkunga wetu, mama mtu mzima ambaye neno lake halipingwi kirahisi. Wachungaji wa Fergna walitutazama tu.

Tatizo likawa mara ya tatu. Baridi ya mwaka ule iliacha kinamasi kimejaa maji, na kondoo wa Lassar waliokula majani ya huko waliharibika maini, wakafa mmoja baada ya mwingine. Alipowahesabu waliobaki, watatu walipungua. Alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda, akaninyooshea vidole vitatu.

"Chukua wa kwangu," nikamwambia.

"Watajulikana."

"Wale wadogo wenye nyuso nyeusi sijawakata masikio bado. Hawana alama ya mtu. Wakate alama yako."

"Ukinipa hadharani, mbele ya watu, watakuwa wangu kweli."

"Nikikupa hadharani Fergna atajua umepungukiwa, na atakuja na hila nyingine kabla ya jua kutua. Chukua, mwanamke. Ukishapata ardhi utanirudishia na wana wao."

Alinishika mkono. Jioni ile ile akawakata masikio kwa alama yake, akawachanganya na wengine. Hakukuwa na mtu wa tatu pale. Na hata Becnat hatukumwambia.

Sasa nieleze jambo la Dunlang, maana bila hilo mtu hatamwelewa.

Mwanamume akihamia kwenye ardhi ya mkewe, mambo hugeuka. Mke ndiye anayesema kipi kiuzwe na kipi kinunuliwe. Mke ndiye anayeitwa kwenye baraza la mipaka. Hata mume akitukanwa, fidia yake hupimwa kwa heshima ya mke, si yake. Hakuna aibu katika sheria, lakini midomo ya watu ni kitu kingine. Kwenye karakana ya mhunzi, wanaume wanapongoja jembe lichongwe, Dunlang ndiye alikuwa maongezi yao.

"Dunlang, ukihamia huko, utakuwa unaomba ruhusa ya kwenda haja?"

"Ataomba, na ataambiwa asubiri!"

"Mwacheni bwana. Mwenzenu anaolewa."

Nilikuwa nimepeleka mkasi wangu ukanolewe siku hiyo, nikayasikia. Dunlang alicheka nao. Alicheka sana, cheko la mtu anayetaka wengine wanyamaze. Nilipotoka nilimwambia, "Usiwasikilize, shemeji, hao wana wivu." Akasema, "Najua, Ronnat. Ni utani tu."

Siku ya kuvuka mara ya tatu kulikuwa na jua. Lassar alibeba chekeche, Becnat karai la mti kichwani kama kofia ya vita, mimi nikaswaga kondoo, na mwanamke wa nne akatufuata akiwa na kaa la moto ndani ya chungu. Tuliingia nyumba ya Mzee Broccan. Wachungaji walikuwa wameifanya zizi. Lassar alifagia mavi ya mbuzi kutoka mahali baba yake alipokuwa anaketi, machozi yakimdondoka kwenye ufagio. Kisha akawasha moto. Akakanda unga wa shayiri na maziwa ya mtindi, akaoka, tukala mkate wa moto na siagi na vitunguu vya majani, na Becnat akaanza visa vya wanawake aliowazalisha na waume zao waliozimia mlangoni, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lassar akasema, "Baba angependa kelele hizi." Tulilala humo. Asubuhi moshi wetu ulionekana bonde zima.

Kesi ikasikilizwa kilimani, karibu na boma la mfalme, watu wamejaa kama siku ya mnada. Mwamuzi alikuwa mzee mkavu aitwaye Colla, mtu wa maneno machache. Lassar alieleza madai yake. Becnat akashuhudia, nami nikashuhudia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaanza kuhisi njaa, ndivyo nilivyokuwa nimetulia.

Ndipo Fergna akasimama.

"Mzee Colla, sina mengi. Namwomba binamu yangu aseme, wale kondoo watatu wenye nyuso nyeusi ni wa nani."

Lassar alinitazama. Uso wake uliniuliza, nami nilitikisa kichwa: si mimi. Hapo akageuka taratibu kumtazama mumewe. Dunlang alikuwa amesimama kati ya ndugu zake, anaangalia viatu vyake.

"Wana alama ya masikio ya nani?" akauliza Mzee Colla.

"Yangu," akasema Lassar.

"Alama ni mbichi," akasema Fergna. "Kondoo ni wa Ronnat. Mwapisheni Ronnat."

Mzee Colla akanigeukia. "Ronnat, uko tayari kuapa kwa miungu ya watu wako kwamba kondoo hao si wako?"

Mtu anayeapa uongo kwetu hupoteza jina lake. Hawezi kushuhudia tena, hawezi kudai, watoto wake wanaonyeshwa vidole. Mimi sikuwa na mtoto, na nilimpenda Lassar kama ndugu wa tumbo moja. Nilifungua kinywa. Mpaka leo najua nilichokuwa nataka kusema.

"Usiape, Ronnat," Lassar akasema.

"Lassar..."

"Nimesema usiape." Akamgeukia mwamuzi. "Kondoo watatu ni wa Ronnat. Wangu walikufa kwa maini. Niliwaazima, nikawakata masikio. Kosa ni langu, yeye hana lake."

Upande wa Fergna wakapiga kelele ya furaha. Mzee Colla akainua mkono, wakanyamaza. Lakini Lassar alikuwa hajakaa.

"Nimejibu swali la binamu yangu. Naye ajibu langu. Jambo hili walilijua watu wawili, mimi na Ronnat, na mtu mmoja zaidi. Fergna, nani alikuambia?"

"Haina haja."

"Ina haja," akasema Mzee Colla. "Jibu."

Fergna aliinua mabega. Nadhani aliona ameshinda tayari, hana cha kuficha. "Mumewe."

Nilisikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi. Mzee Colla akamwita Dunlang mbele. Alikuja kama ng'ombe anayevutwa kwenye maji ya baridi.

"Ulimwambia Fergna habari hii?"

"Nilimwambia."

"Nawe ulielezwa na nani?"

"Mke wangu."

"Mkiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani mahali gani?"

Dunlang akalamba midomo. Alikuwa amevaa mkanda ambao Lassar alimdarizia walipooana, ndege wekundu wawili wanatazamana, na mkono wake ulikuwa unaufunika.

"Kitandani," akasema.

Kilima kizima kilivuma. Becnat alitema mate chini. Mtu mmoja wa kundi la mhunzi, mmoja wa wale waliokuwa wakimtania, akasema kwa sauti, "Loo, Dunlang!" na safari hii hakuwa anatania. Kuna mambo mengi ambayo mwanamume anaweza kumfanyia mkewe na sheria ikamwambia alipe kidogo, mambo yakaisha. Lakini kuyatoa nje maneno ya kitandani ni katika yale yanayovunja ndoa papo hapo, mke akitaka.

Mzee Colla alingoja kelele zitulie. Kisha akasema kwamba madai ya ardhi yameanguka, kwa kuwa kondoo hawakuwa wa mdai, na kwa kuwa Fergna atakuwa amekaa msimu mzima kabla madai mapya hayajakamilika, na sheria haimwondoi aliyekwisha kaa msimu mzima, ardhi imemwangukia. Akasema pia kwamba Lassar ana haki ya kumwacha mumewe akiwa na vyote alivyokuja navyo, sehemu yake ya vyote walivyochuma, na fidia ya aibu.

"Unataka kuitumia haki hiyo, au mtazungumza kwanza?"

"Tumeshazungumza sana, mzee," Lassar akasema. "Naondoka leo."

Nilikwenda naye kufungasha. Sufu hugawanywa kulingana na aliyeisokota, na nguo kulingana na aliyeifuma, na siagi kulingana na aliyekamua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyumba ile ilitoka mlangoni pamoja na Lassar. Dunlang alikaa kwenye kizingiti, hakutuzuia. Nilipokuwa nafunga marobota alianza kusema.

"Sikujua kama ingefika kule."

"Ulidhani itafika wapi?" Lassar alimuuliza bila kusimama.

"Fergna aliniambia atayatumia kukufanya upatane naye. Kwamba angekupa kipande, nami angenipa ng'ombe wa kuanzia, wangu mwenyewe, nisiwe..." Akaishia hapo.

"Usiwe nini?"

"Wewe hukuwasikia kwenye karakana."

"Niliwasikia. Bonde zima liliwasikia. Wewe ulirudi nyumbani unacheka."

"Ningefanya nini? Nilitaka kuwa mwanamume ndani ya nyumba yangu, Lassar. Basi."

Lassar aliweka chini robota alilokuwa amebeba.

"Ungeniambia hivyo kitandani, ningekusikia."

"Ungeiacha ardhi ya baba yako?"

Nilifikiri Lassar atampa jibu la kumkata, maana alikuwa nalo siku zote tayari ulimini. "Sijui," akasema. "Labda nisingeiacha. Lakini ningejua nalala na nani."

Dunlang alianza kulia. Lassar akamruka kizingitini na robota lake, akatoka.

Alihamia kwangu. Tuliongeza chumba upande wa jua ili apate mwanga wa kudarizi, na haikuchukua muda kazi zikaanza kuja: majoho ya wake za wakuu, mapazia, vifuniko vya matandiko ya farasi. Mke wa mfalme mmoja alituma mtu wake kutoka mbali, akalipa kwa ng'ombe wa maziwa. Wazazi walileta mabinti zao wakae naye wajifunze. Ukimtazama mchana, akiwafokea wasichana na kutania wachuuzi wa rangi, ungesema ni yule yule.

Lakini usiku alibadilika. Taa ikishazimwa, Lassar hakutoa neno. Mwanzoni nilidhani amelala, nikawa naendelea kupiga soga peke yangu kama mwehu. Siku moja nikamuuliza kama amesinzia. Akanyoosha mkono gizani akanigusa bega, kunijulisha kwamba yu macho, na hakusema kitu. Asubuhi akaniambia, "Uniwie radhi, Ronnat. Najua ni wewe. Koo ndilo halijui." Mwanamke ambaye hakujua kunong'ona! Wanaume wawili walimposa, mmoja wao mtu mwema sana, fundi wa magari ya kukokotwa. Aliwakataa wote wawili, akicheka, akawapa chakula cha njiani.

Na Dunlang? Ningependa kusema Fergna alimtupa. Watu walitarajia hivyo, na mimi niliomba iwe hivyo. Haikuwa. Fergna alimpa ng'ombe kama alivyoahidi, akamweka alime sehemu ya chini ya shamba, naye Dunlang akajenga nyumba hatua chache tu kutoka kwenye moto ule tuliowasha sisi. Akaoa msichana kutoka watu wa mbali kaskazini, jina lake Ness, mpole, asiyejua chochote. Wakapata watoto. Tulikuwa tunamwona mnadani, amenenepa, anaamkia watu. Lassar alimwitikia kila mara. Alimwitikia kama unavyomwitikia mtu anayekuuliza njia.

Mvi zilikuwa zimetuingia wote tuliposikia Dunlang amekufa. Fahali alimbana kwenye ua wa mawe. Siku iliyofuata Ness alikuja kwetu, uso umevimba, hajui pa kuweka mikono.

"Dada Lassar," akasema, "sina ndugu wa kike hapa. Sijui nyimbo za kwenu za kumlilia maiti. Becnat amefariki. Watu wanasema wewe ndiye unayejua." Akasita. "Wanasema pia nisije."

Kumlilia maiti ni kazi yetu wanawake, na kuna mpangilio wake. Anayeongoza humsifu marehemu: ukoo wake, mikono yake, mifugo yake, ucheshi wake. Mwisho humsifu kama mume, kwamba alishika neno na kuitunza siri ya nyumba. Asipoliliwa, watu husema ametupwa.

Nilitaka kumwambia Ness aondoke. Lassar alikuwa ameshaanza kuvaa joho.

Alisimama kichwani pa Dunlang, akafumua nywele zake kama ilivyo desturi, akaanza. Sauti ile ilikuwa imezeeka lakini ilijaza nyumba. Alimsifu Dunlang kwa namna alivyowajua ng'ombe, kwamba waliacha kula wakisikia hatua zake. Alimsifu kwa uso wake alipokuwa kijana, na watu waliomkumbuka wakalia kweli kweli. Alimsifu kwa kicheko. Ness alilia mpaka akashikiliwa. Mimi pia nililia, nami nilikuja nikiwa nimeapa kutolia.

Kisha ikafika sehemu ya mwisho. Lassar alivuta pumzi. Wanawake wote tukainua vichwa tayari kuitikia.

Alikaa hivyo, midomo imefunguka kidogo, anamtazama. Nilisikia moto ukipasuka, na mtoto wa mtu akikohoa nje. Halafu akaanza moja kwa moja wimbo wa kuaga, ule unaoimbwa maiti anapoinuliwa, nasi tukaufuata, wabebaji wakainama kushika machela.

Ness, kwa ugeni wake, hakujua kwamba kuna kilichorukwa. Alimshika Lassar mikono yote miwili akamshukuru. Lassar akamwambia, "Pole, mdogo wangu. Kula kitu." Tukarudi nyumbani kwa njia ya juu. Alitembea mbele yangu muda wote, nywele bado ziko wazi zinapigwa na upepo, na tulipofika aliniomba nimchemshie uji wa shayiri, uwe mzito, na maziwa mengi.